Alama nyeusi miguuni mwa mtoto: jinsi ya kukitafuta chanzo chake

Aghalabu alama hizi huonekana wakati wa kumwogesha mtoto. Mama amemkalisha mwanawe wa miaka mitatu kwenye beseni uani, anapitisha dodoki miguuni, na pale chini ya goti anaona doa la weusi wa zambarau ambalo jana hakuliona. Akitazama vizuri anaona la pili na la tatu, na mtoto akiulizwa ameanguka wapi hana jibu, kwa sababu mtoto wa umri huo ameanguka mara kumi tangu asubuhi na zote amekwisha kuzisahau. Maji hayajapoa, bibi ameshasema kuwa mtoto amefinywa na shetani usingizini, shangazi amemkumbuka jirani aliyekuwa na saratani ya damu, na mama hapati tena usingizi usiku ule.

Maelezo haya yamekusudiwa mzazi wa Unguja au Pemba aliyefika hapo. Yanakwenda kwa dalili, kwa sababu dalili ndiyo aliyonayo mzazi mkononi. Jina la ugonjwa ni kazi ya daktari na maabara. Jambo moja litajitokeza mara kwa mara, nalo ni kwamba mahali alama ilipo, pamoja na hali ya mtoto mwenyewe, hueleza mengi kuliko rangi ya alama au ukubwa wake.

Hali zisizongoja kupambazuke

Kabla ya kuitazama alama, mtazame mtoto. Iwapo ana homa, na pamoja na homa hiyo ametokwa na vitone au mabaka mekundu-meusi yasiyofifia yakikandamizwa, mpeleke hospitali saa hiyo hiyo, kwani bakteria wanaoleta homa ya uti wa mgongo huweza kuingia katika damu na kumwua mtoto kwa muda wa saa chache tu. Kukandamiza hufanywa kwa ubavu wa bilauri ya kioo: ibane juu ya vitone na uvitazame kupitia kioo. Upele wa joto au wa kuumwa na mbu hupotea chini ya kioo, lakini damu iliyokwisha kutoka nje ya mishipa hubaki palepale. Kwa kuwa ngozi nyeusi huvificha vitone hivyo, tazama pia viganja, nyayo, kaakaa na ndani ya kope la chini, ambako rangi hujionyesha zaidi.

Vivyo hivyo, usingoje ikiwa mtoto anatoka damu puani au kwenye ufizi na haikomi baada ya kuibana pua kwa dakika 15; ikiwa anapata choo cheusi kama lami au mkojo wa rangi ya damu; ikiwa analalamika kichwa kinamuuma sana, anatapika au anasinzia kwa namna isiyo yake; au ikiwa amepauka ghafla na hana nguvu ya kusimama. Wakaazi wa visiwa vidogo kama Kojani, Fundo, Makoongwe na Tumbatu wanajua wenyewe maana ya kungoja maji yajae ndipo chombo kiondoke, na kwa ajili hiyo kwao uamuzi wa kuondoka unapaswa kuchukuliwa mapema zaidi kuliko kwa mtu wa mjini.

Kama hakuna hata moja katika hayo, una muda wa kuchunguza kwa utulivu, na uchunguzi mzuri hufanywa asubuhi, kwenye mwanga wa jua, mtoto akiwa mtupu.

Je, ni damu kweli?

Swali hili huonekana la kipuuzi mpaka limkute mtu. Mwaka mmoja tulikuwa uani tukikata ndimu za achari, na mtoto akizunguka baina yetu bila nguo ya chini, kila mmoja akimshika paja kumwondoa penye kisu. Siku ya pili paja lilikuwa jekundu kidogo, na siku ya tatu palikuwa na michirizi minne ya rangi ya kahawia iliyoiva, imejipanga kama vidole vya mtu mzima. Nilipoteza asubuhi nzima nikiwatazama watu wa nyumbani kwa jicho baya. Kumbe maji ya ndimu yakikaa kwenye ngozi na jua likayapiga, huichoma ngozi na kuiachia rangi nyeusi ambayo hukaa wiki kadhaa, na pengine miezi. Alama ya namna hii haivimbi, haibadiliki rangi siku hadi siku kama damu inavyobadilika, na ina mipaka iliyokatika wazi kama mchirizi wa maji.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni sabuni na kitambaa cheupe. Rangi ya kanga mpya au suruali mpya ya bluu, juisi ya zambarau, hina na piko iliyomwagika siku za Sikukuu, vyote hupungua au huacha rangi kwenye kitambaa. Ikiwa mtoto amekuwa akicheza miambani maji yalipokupwa, angalia kama alama ni nukta nyeusi zilizokusanyika kwenye unyayo au kifundo, kwani miiba ya viumbe wa baharini huacha wino wake ndani ya ngozi hata baada ya mwiba kuvunjika.

Hatua ya pili ni kukumbuka tangu lini alama ipo. Watoto wengi wa Kiafrika na wa Kiasia huzaliwa na mabaka ya bluu-kijivu kwenye matako na kiuno, na mara nyingine hushuka mapajani au kwenye vifundo vya miguu. Mabaka haya hayaumi, hayavimbi, hayabadiliki kwa siku wala kwa wiki, na hufifia taratibu mtoto anapokua. Mkunga mwangalifu huyaandika kwenye kadi ya kliniki siku ya kwanza, na mzazi ambaye kadi yake haina maandishi hayo anaweza kumwomba muuguzi ayaandike, kwani maandishi hayo siku moja huenda yakamwokoa na tuhuma isiyo na msingi.

Hatua ya tatu ni kuuliza nyumbani, bila ukali, mtoto alifanyiwa nini wiki hii. Je, alichomwa sindano ya chanjo pajani? Hapo kidonge kigumu chenye weusi kidogo juu yake ni jambo la kawaida kwa siku chache. Je, bibi alimpeleka kupigwa chuku, au kuna mtu aliyemfanyia hijama? Alama za chuku ni duara kamili, zote za ukubwa mmoja. Na ikiwa alama ni vinundu vyekundu vinavyouma vikiguswa, vya moto, vilivyojipanga kwenye miundi yote miwili (mbele ya mguu, chini ya goti), hivyo mara nyingi si damu iliyovilia kwa kugongwa, ingawa baadaye hugeuka rangi kama vilio la damu. Ni uvimbe wa mafuta yaliyo chini ya ngozi, unaoweza kufuata maambukizo ya koo au kifua kikuu, na mtoto anahitaji kupimwa kwa ajili ya hayo.

Alama ziko miundini na magotini, mtoto ana nguvu zake

Hii ndiyo hali ya wengi, na ndiyo inayostahili kuelezwa kwa kirefu, kwa sababu hofu nyingi hufia hapa.

Muundi, yaani mfupa wa mbele wa mguu chini ya goti, hauna nyama ya kuukinga. Ngozi imelalia mfupa moja kwa moja, na kila kinachougonga huibana mishipa midogo baina ya vitu viwili vigumu, mishipa ikapasuka na damu ikavilia. Sasa zifikirie nyumba zetu. Kuna baraza la saruji mlangoni, ambalo urefu wake ni sawasawa na muundi wa mtoto wa miaka miwili. Kuna kizingiti ambacho mtu mzima hukivuka bila kufikiri na mtoto hukipanda kama ukuta. Kuna mbuzi ya kukunia nazi iliyoachwa jikoni miguu nje. Kuna ukingo wa kitanda, pembe ya kabati, na ngazi za mawe katika nyumba za Mji Mkongwe. Nje kuna mizizi ya mwembe, baiskeli ya kaka iliyo kubwa kuliko yeye, na katika msimu wa karafuu huko Pemba kuna ngazi na matawi yaliyolazwa chini ya mikarafuu, na watoto wanaokota mpeta, yaani karafuu zilizoanguka chini, huku wakipita juu yake.

Mtoto anayetembea na kukimbia huwa na alama kadhaa miguuni karibu wakati wote, nyingine mpya na nyingine zinazofifia, na mara nyingi hakuna mtu aliyeona zilikotoka. Kutojulikana kwa sababu peke yake si dalili ya ugonjwa. Alama za kawaida hukaa mbele ya mguu, kwenye goti, kwenye paji la uso na kidevuni, pale penye mfupa karibu. Huwa ndogo, hazina umbo la kitu, na hufifia kwa muda wa wiki mbili hivi.

Watu wengi huamini kwamba rangi hutaja siku: jeusi ni la jana, la kijani ni la juzi, la manjano ni la wiki iliyopita. Imani hii ina ukweli mdogo tu. Ni kweli kwamba alama hupitia rangi hizo damu inapovunjwavunjwa na mwili, lakini kila mtoto ana kasi yake, hata alama mbili za siku moja kwenye mguu mmoja zaweza kuwa na rangi mbili, na kwenye ngozi nyeusi manjano huenda isionekane kabisa. Hata daktari mzoefu hawezi kuitaja siku kwa kutazama rangi, na mzazi asikubali kugombana na yaya kwa hoja hiyo.

Kwa alama za namna hii kinachotakiwa ni kuangalia tu. Zungushia mstari wa kalamu ya wino kwenye ukingo wa alama mbili kubwa, piga picha kwa simu ukiweka sarafu ya shilingi 200 pembeni ili ukubwa uonekane, kisha mtazame mtoto tena baada ya siku tatu na baada ya wiki. Zikififia, na mpya zinazotokea zikiwa miundini na magotini kama zile za mwanzo, huna haja ya kipimo.

Alama ziko mahali ambapo mtoto hajigongi

Picha hubadilika alama zinapopanda. Tumbo, mgongo, matako, nyuma ya mapaja, masikio, shingo, mashavu manene ya uso na ndani ya mikono ni mahali palipofunikwa kwa nyama au palipokingwa, na mtoto anayejikwaa haangukii huko mara kwa mara. Alama zikiwa nyingi huko, ni kubwa kupita sarafu, au zinatokea hata kwa kumbeba tu, basi ama damu ya mtoto haigandi inavyopaswa, ama kuna mtu anayempiga. Mzazi hana budi kuyatazama yote mawili kwa usawa, kwani nimeona familia zikikimbilia moja na kulikwepa lingine, na kosa hilo hutendeka kwa pande zote mbili.

Alama ya kupigwa mara nyingi hubeba umbo: mistari miwili iliyo sambamba na ngozi safi katikati yake ni bakora au waya, nukta zilizojipanga upinde ni meno, vidoa vya duara vilivyokaribiana mkononi ni vidole vilivyoshika kwa nguvu. Mtoto wa miaka minne au mitano hupita mikononi mwa watu wengi kwa siku moja, kuanzia skuli ya maandalizi, chuo cha Kurani, nyumba ya jirani hadi watoto wakubwa wa mtaani, na si lazima mwenye kosa awe wa nyumbani. Muulize kwa swali lililo wazi, kama vile «Hapa pamekuwaje?», wala usimtajie jina la mtu, kwa sababu mtoto mdogo hulikubali jina lolote analotajiwa na mkubwa. Sheria ya Mtoto ya Zanzibar, Namba 6 ya 2011, inamlinda mtoto dhidi ya ukatili, na yapo mahali pa kupeleka jambo hili: sheha, dawati la jinsia na watoto la polisi, ofisi ya ustawi wa jamii, vituo vya Mkono kwa Mkono vilivyomo hospitalini, au namba ya simu ya msaada kwa watoto, 116. Kulimaliza kimyakimya kwa ajili ya ujirani au udugu humrudisha mtoto palepale alipoumizwa.

Daktari naye atauliza maswali haya, na atayauliza hata kwa wazazi ambao hawajawahi kumgusa mtoto wao kwa ukali. Usiyachukue kuwa ni shutuma. Daktari asiyeuliza ndiye wa kutiliwa shaka.

Vitone vingi na mabaka yaliyozuka kwa siku chache, lakini mtoto anacheza

Mtoto alikuwa na mafua au homa ndogo wiki mbili au tatu zilizopita, akapona, na sasa ghafla ana mabaka kila mahali pamoja na vitone vidogo kama ncha ya sindano miguuni, na pengine ufizi unatoa damu anapopigwa mswaki. Lakini anakula, anacheka na hana homa. Hali hii huwatisha wazazi kuliko zote, ilhali mara nyingi mwisho wake ni mwema. Kinga ya mwili, iliyokuwa ikipigana na virusi, imekosea na kuanza kuziharibu chembe sahani za damu, zile zinazoziba tundu mshipa unapopasuka. Mtoto mzima huwa na chembe sahani baina ya 150,000 na 450,000 katika kila maikrolita ya damu. Katika ugonjwa huu mara nyingi hushuka chini ya 20,000. Huwapata zaidi watoto wenye umri wa miaka miwili hadi mitano, na wengi wao hupona ndani ya miezi sita, wengine bila dawa yoyote.

Ijapokuwa hivyo, mtoto wa namna hii apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, kwa kuwa ni kipimo cha damu tu kinachoutenga ugonjwa huu na mengine mabaya yanayofanana nao. Hadi majibu yatoke asipande miti wala baiskeli, asipewe aspirini wala ibuprofeni wala diklofenaki, na asichomwe sindano ya msuli bila daktari kuambiwa kwanza. Akiumwa, parasetamoli inatosha.

Ikiwa vitone hivyo vimeandamana na homa inayoendelea, fikiria pia malaria na dengi, ambazo zote hushusha chembe sahani. Malaria imepungua mno visiwani tangu dawa mseto zilipoanza kutolewa mwaka 2003, na vyandarua pamoja na upuliziaji wa dawa majumbani kufuata mwaka 2006, kiasi kwamba baadhi ya wazazi wameacha kabisa kuitaja. Lakini haijatoweka, na mtoto aliyelala bara siku chache zilizopita apimwe bila kujadiliana. Dengi huletwa na mbu anayeuma mchana, na siku zake za hatari huanza pale homa inaposhuka, wakati ambapo mama ameshaanza kupumua.

Madoa yanayopapasika, tumbo na viungo vinauma

Pitisha kidole juu ya madoa huku umefumba macho. Vilio la damu la kawaida liko bapa, lakini madoa yaliyoinuka kidogo, mekundu-meusi, yaliyojaa kuanzia matakoni hadi vifundoni na kuacha kiwiliwili kikiwa safi, ni dalili ya kuvimba kwa mishipa midogo ya damu. Hufuata mafua au maumivu ya koo, na huwapata zaidi watoto wa miaka mitatu hadi kumi. Pamoja nayo magoti na vifundo huvimba, na tumbo husokota. Chembe sahani huwa hazina kasoro. Wengi hupona wenyewe kwa wiki chache, lakini figo huweza kuguswa bila maumivu yoyote, na kwa ajili hiyo mkojo hupimwa mara kwa mara kwa muda wa miezi sita hivi, hata mtoto akiwa ameshasahau kuwa aliugua. Maumivu makali ya tumbo au choo cha damu humrudisha hospitali mara moja.

Mvulana anayevimba viungo, au aliyetoka damu sana jandoni

Hapa swali kubwa linahusu ukoo. Hemofilia ni upungufu wa kitu kimoja kati ya vile vinavyogandisha damu. Huwapata karibu wavulana peke yao, na hupita kwa mama ambaye mwenyewe huonekana mzima. Kwa hiyo waulizie wajomba: je, yupo aliyetoka damu kwa siku kadhaa baada ya kutahiriwa, aliyekuwa akivimba magoti tangu utotoni, au aliyefariki mdogo kwa damu isiyokatika baada ya kung'oa jino? Jibu likiwa hapana bado halikuondolei shaka, kwani kiasi cha thuluthi moja ya watoto hawa ni wa kwanza katika ukoo wao.

Mtoto huyu huanza kuonyesha alama kubwa anapoanza kutambaa na kusimama, alama zenye uvimbe mgumu katikati, na baadaye goti au kifundo hujaa damu kwa ndani, kikawa moto na kisikunjike. Chembe sahani zake huwa kamili, na hivyo kipimo cha kwanza chaweza kutoka safi. Ndiyo maana daktari huagiza kipimo cha muda wa kuganda damu. Ikiwa shaka hii ipo, jando lisubiri majibu. Najua kwamba familia nyingi humtahiri mtoto angali mchanga, na kwamba kuahirisha kunaleta maneno, lakini tohara ya mtoto mwenye hemofilia ambaye bado hajatambuliwa huweza kumaliza damu yake. Katika hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, kuna kliniki ya ugonjwa huu, na mtoto anayefahamika mapema hukua na kusoma kama wenzake.

Kwa wasichana na wavulana sawasawa kuna ugonjwa mwingine wa kurithi ulio mwepesi zaidi, ambao dalili yake kuu ni damu ya puani ya mara kwa mara. Mama ajiulize kama hedhi yake mwenyewe tangu ujana imekuwa nyingi kupita ya wenzake.

Mtoto amepauka, amechoka, anakataa kutembea

Saratani ya damu, ambayo shangazi aliitaja mapema mno, ni nadra. Lakini ipo, na aina inayowapata watoto zaidi huonekana sana baina ya miaka miwili na mitano. Haiji kwa alama za miundini peke yake. Huja na mambo mengine: ndani ya kope la chini pamepauka, homa inakwenda na kurudi kwa wiki kadhaa, mtoto aliyekuwa akikimbia sasa anaomba kubebwa, anaamka usiku akilia miguu, mitoki imevimba shingoni na kwenye nyonga, tumbo limejaa upande wa bandama na ini. Maumivu ya miguu peke yake, bila mabaka, yaweza pia kuwa selimundu, ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu ambao kwetu si mgeni. Dalili mbili au tatu za hapo juu zikikutana na mabaka yasiyo na sababu, kipimo cha damu kifanywe siku hiyo. Matibabu ya watoto hutolewa Muhimbili kwa rufaa, na watoto wengi wanaofikishwa mapema hupona, jambo ambalo wengi wetu hatukulelewa kuliamini.

Mtoto ambaye bado hatambai

Asiyesogea hajigongi. Alama yoyote ya damu kwa mtoto wa miezi michache, hata ikiwa moja na ndogo, ni ya kuonyeshwa daktari. Mbali na kuumizwa, yawezekana kuwa amepungukiwa na vitamini K, ambayo maziwa ya mama yana kiasi kidogo tu. Mtoto aliyezaliwa nyumbani bila sindano ya vitamini hiyo huweza kuanza kutoka damu akiwa na umri wa wiki mbili hadi kumi na mbili, na mara nyingine damu hiyo humwagika kichwani. Damu ya kitovu isiyokauka ni onyo la mapema.

Kwenda hospitali, na kisomo

Kipimo cha kuanzia ni kimoja, nacho ni picha kamili ya damu, pamoja na damu hiyo kutazamwa kwa hadubini. Huhitaji damu kidogo ya mshipa, na ndicho cha kuulizia katika hospitali iliyo karibu nawe, iwe Abdulla Mzee huko Mkoani, Chake Chake, Wete, Micheweni, Kivunge, Makunduchi au Mnazi Mmoja. Vipimo vya kuganda damu huenda vikahitaji rufaa. Chukua kadi ya kliniki, picha ulizopiga, na orodha ya kila dawa aliyopewa mtoto, zikiwemo za miti shamba na vidonge vya dukani vilivyokatwa nusu.

Juu ya bibi na shetani wake, sioni sababu ya ugomvi. Kisomo hakimdhuru mtoto, na kombe likinywewa asubuhi halizuii damu kuchukuliwa saa nne. Kinachodhuru ni chale. Mtoto ambaye damu yake haigandi akichanjwa kwa wembe miguuni, au akipigwa chuku ili «damu mbovu itoke», anaongezewa jeraha juu ya jeraha, na mganga mwenye busara akielezwa hivyo hukubali kusubiri majibu.

Majibu yakija kwamba damu haina kasoro, endelea na daftari kwa wiki mbili: tarehe, mahali, ukubwa, na mtoto alikuwa na nani. Kufikia siku ya 14 alama za mwanzo zinapaswa ziwe zimefifia karibu zote. Zikiwapo mpya tumboni, mgongoni au masikioni, rudi na daftari hilo pamoja na karatasi ya majibu ya kwanza, kwa kuwa daktari atataka kuzilinganisha hesabu mbili za chembe sahani, ya siku ile na ya leo.